POINTI MOJA TU: FAINALI YA 1979 ILIYOTOA BINGWA WA KWANZA WA RALI DUNIANI, NA MTU WA HUKU KWETU ALIYEIAMUA

Leo mastaa tunawapumzisha kidogo. Kuna stori ya zamani nimekaa nayo muda mrefu, na naona nisipoiandika mimi, huku Kusini hataiandika mtu.

Wapenzi wa magari mtakuwa mnaikumbuka fainali ya DTM ya mwaka 2021. Kwa wasiojua, DTM ni yale mashindano ya Ujerumani ya magari yenye sura ya magari ya barabarani, Mercedes, BMW, Audi, ila ndani yameshageuzwa kuwa kitu kingine kabisa. Mbio ya mwisho ilipigwa Norisring, kule Nuremberg, mwezi wa kumi. Kijana wa New Zealand, Liam Lawson, alifika siku hiyo akiwa anaongoza msimamo. Kona ya kwanza tu akagongwa na Kelvin van der Linde wa Afrika Kusini, gari likaumia, na ubingwa ukaanza kuyeyuka machoni pake. Halafu huko mbele madereva wawili wa Mercedes waliokuwa wamemtangulia mwenzao Maximilian Götz wakampisha. Götz akashinda mbio na kubeba ubingwa kwa tofauti ya pointi 3. Watu walibishana mpaka basi.

Kwenye ubishi ule kuna kitu kilinikera. Kila mtu aliongelea kona ile na kupishana kule, utadhani msimu mzima ni ile saa moja ya mwisho. Jamani, pointi 3 unaweza kuzidondosha miezi mitatu nyuma, kwenye mbio ambayo leo hakuna hata mmoja anayeikumbuka. Siku ya fainali unakuja kulipa deni tu.

Sasa kuna fainali nyingine yenye magari ya Kijerumani, na hii haikupigwa Ulaya. Ilipigwa hapa hapa Afrika. Tofauti haikuwa pointi 3, ilikuwa pointi 1. Na ukiifuata ile pointi moja mpaka ilikopotelea, hauishii Nuremberg wala Stuttgart. Unaishia Kenya, wiki ya Pasaka, kwa mtu aliyezaliwa Uganda.

Twende Abidjan, Ivory Coast, Desemba 1979.

Mwaka huo ndiyo ulikuwa wa kwanza kwa dunia kuwa na ubingwa rasmi wa madereva wa rali. Kabla ya hapo ubingwa wa dunia ulikuwa wa viwanda vya magari, na madereva walishaanza kupewa kombe lao miaka miwili nyuma, 1977 na 1978, lakini lilikuwa kombe tu, lile jina la bingwa wa dunia lilikuwa bado. Kwa hiyo yeyote atakayetoka Abidjan na ubingwa, jina lake linaandikwa la kwanza kabisa juu ya orodha ambayo watoto wa watoto wake wataisoma. Ndiyo maana mbio ile ilikuwa na joto.

Waliobaki kwenye ubishi ni wawili. Björn Waldegård wa Uswidi, miaka 36, na Hannu Mikkola wa Ufini, mwaka mmoja juu yake. Na hapa ndipo pananoga: hawa hawakuwa maadui wa timu mbili tofauti. Walikuwa timu moja! Sehemu kubwa ya msimu wote wawili waliendesha Ford Escort za kiwanda, na kwenye zile mbio mbili ngumu za Afrika, Safari ya Kenya na hii ya Ivory Coast, wote wawili wakahamia Mercedes. Yaani mtu unakula naye meza moja, mafundi ni wale wale, matairi yale yale, halafu mnagombea kiti kimoja. Nafikiri hiyo ni ngumu kuliko kugombana na mtu usiyemjua.

Ngoja niwaelekeze kidogo wale mnaojua langalanga tu, yale magari yanayozunguka uwanja mmoja mpaka unasikia kizunguzungu. Rali siyo hivyo. Kwenye rali gari linatoka peke yake, linapishana na mwenzake kwa dakika, linaenda kwenye barabara za kawaida za watu, mshindi ni mwenye muda mdogo. Dereva ana mwenzake pembeni, msoma ramani, anayemsomea kona inayokuja. Na rali za Afrika za enzi hizo zilikuwa na lake jambo: barabara hazikufungwa. Unakuja na spidi yako, mbele kuna basi, kuna mbuzi, kuna mama na ndoo kichwani. Kilomita zilifika kama 5,000 ndani ya siku chache, mchana na usiku.

Ukitaka kuelewa vizuri chukua njia zetu. Dereva yeyote aliyewahi kubeba abiria kati ya Nachingwea na Ruangwa kipindi cha masika, au aliyeingia na Fuso vijijini msimu wa korosho, anajua vumbi jekundu linavyogeuka tope kwa mvua ya nusu saa. Kuna jamaa mmoja wa kituo chetu, jina nalihifadhi maana ana madeni, yeye kila daraja analijua kwa jina la gari lililowahi kuanguka hapo. Sasa mchukue huyo, mpe gari linalokimbia mara mbili ya lake, mwambie aende hivyo siku nne, usingizi wa kuibia ibia. Hiyo ndiyo Safari ya zamani.

Haya, hesabu. Msiruke hapa, utamu wote upo hapa.

Mshindi wa mbio alipata pointi 20, wa pili 15, wa tatu 12, wa nne 10, wa tano 8, wa sita 6, hivyo hivyo mpaka wa kumi anayepata 1. Msimu ulikuwa na mbio 12, lakini dereva hakuhesabiwa zote. Zilichukuliwa zile 7 alizofanya vizuri zaidi. Ni kama matokeo yetu ya kidato cha nne, division inapigwa kwa masomo saba bora, ukiwa na la nane lenye alama mbovu linatupwa. Tuliopita huko tunaelewa.

Waldegård alianza mwaka kwa mkosi wa kutisha. Januari, Monte Carlo, alikuwa anaongoza akielekea usiku wa mwisho. Halafu watu wakaweka mawe barabarani. Ndiyo, mashabiki, mawe! Ikabidi wasimame kuyaondoa. Akashindwa kwa sekunde 6 na Mfaransa Bernard Darniche aliyekuwa na Lancia Stratos. Sekunde 6 baada ya siku kadhaa za kuendesha. Akaondoka na pointi 15 badala ya 20. Uswidi, nyumbani kwao, akawa wa pili tena. Ureno, wa pili tena. Ugiriki akashinda. Ufini wa tatu. Kanada, kule Quebec, akashinda. Mtu wa uhakika, haanguki anguki.

Mikkola yeye alikuwa wa aina nyingine. Monte Carlo wa tano, Uswidi wa tano, halafu Ureno akashinda, New Zealand akashinda, na mwezi wa kumi na moja Uingereza akashinda. Akiwaka anawaka, akizimika anazimika. Ukiweka na nafasi ya pili ya Safari, alifika Abidjan na pointi 91. Waldegård alikuwa na 103.

Ukiangalia juu juu utasema pengo la 12 na mbio moja imebaki, hii imeisha. Haikuwa imeisha, na sababu ni ule utaratibu wa saba bora. Mikkola alikuwa na mbio sita tu zenye pointi, kwa hiyo chochote atakachopata Abidjan kinaongezwa chote. Akishinda, 91 na 20, anakuwa na 111. Waldegård yeye alishajaza saba zake. Chochote atakachopata lazima kwanza atoe matokeo yake mabovu, na matokeo mabovu kati ya yale saba yalikuwa nafasi ya sita ya Safari, pointi 6. Akiwa wa pili Abidjan anapata 15, anatupa 6, faida ni 9. Jumla 112. Akiwa wa tatu anapata 12, anatupa 6, jumla 109.

Rudieni hapo taratibu. Mikkola akishinda, Waldegård ni lazima awe wa pili. Akiwa wa tatu ubingwa umekwenda. Hakuna namna nyingine.

Na mbio yenyewe sasa! Rali ya Ivory Coast zamani iliitwa Bandama, jina la mto wao, na sifa yake ilikuwa mbaya. Mwaka 1972 hakuna gari hata moja lililoimaliza. Yaani waliondoka, ikafika hakuna wa kumpa nafasi. Ni msitu, ni udongo mwekundu, ni vumbi lisiloondoka maana upepo hauingii kati ya miti, ukiwa nyuma ya mtu huoni kitu.

Kwenye njia kama hiyo Mercedes wakapeleka nini? Wakapeleka 450 SLC. Hili ni gari la tajiri, wadau, gari la mtu wa kutoka benki kwenda hotelini. Injini ya silinda nane, lita 5, refu, zito, na gia zake otomatiki. Wenzao wote kwenye rali wanakanyaga klachi na kupiga gia, hawa wanaendesha kama wanaenda harusini. Watu walicheka. Huku kwetu tuna haki ya kucheka mitambo ya Ulaya inapoletwa porini, maana sisi ndio tulioletewa ule mradi wa karanga wa Waingereza kuanzia 1947. Walikuja na matrekta, mengine yalitengenezwa kutokana na vifaru vya vita, wakajenga reli kutoka Mtwara mpaka Nachingwea, na kufika 1951 mradi umeshakufa na reli baadaye ikang'olewa. Mpaka leo Nachingwea tuna kata inaitwa Stesheni na treni hakuna. Kwa hiyo najua mtambo mkubwa unavyoweza kuaibika kwenye udongo.

Ila Wajerumani hawakuaibika. Gari zito lile lilitulia kwenye njia mbovu, injini yake haikuhitaji kukamuliwa sana, na ile gia otomatiki waliyoichekea haikuvunjika kama wengi walivyodhani. Siku ya kufunga mbio, nafasi ya kwanza ni Mercedes, ya pili Mercedes, ya tatu Mercedes, ya nne Mercedes. Mikkola wa kwanza. Waldegård wa pili. Andrew Cowan wa Scotland wa tatu. Na wa nne, msikilize hapo, Vic Preston Junior wa Kenya, mtoto wa yule Vic Preston aliyeshinda Safari miaka ya 1950.

Mikkola alifanya kila alichotakiwa kufanya. Alishinda Uingereza, akaja akashinda Abidjan, mbio mbili za mwisho za mwaka, pointi 40 mfululizo. Na bado akakosa. 112 kwa 111. Waldegård bingwa wa kwanza wa dunia.

Stori nyingi zinaishia hapa. Wazungu wakisimulia wanakutajia Mswidi, Mfini, mawe ya Monte Carlo, Mercedes nne, basi. Kuna mtu wa tatu hawamtaji, na mimi nasema bila yeye kombe lile lingekuwa Ufini.

Rudini nyuma miezi minane. Aprili 1979.

Kwa Mtanzania Aprili 1979 ni mwezi wa vita. Jumatano tarehe 11 Kampala ilikuwa imeshaanguka mikononi mwa majeshi yetu na wapiganaji wa Uganda waliokuwa upande wetu, Amin amekimbia. Wazee wetu walikuwa wamesogelea redio. Jumapili iliyofuata, tarehe 15, ilikuwa Pasaka. Na Pasaka kwa Afrika Mashariki ya wakati ule ilikuwa na maana ya pili: Safari.

Safari ilianza 1953, wakati wa kutawazwa kwa malkia wa Uingereza, na gari lililotangulia kuandikwa mshindi lilikuwa la Kijerumani, kale kabetule ka Volkswagen. Miaka mingi mbio hii ilikuwa yetu sote, magari yanazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, yanashuka mpaka Dar es Salaam. Na msidhani Tanzania tulikuwa wa kupiga makofi tu pembezoni. Mshindi wa 1966 na 1967 alikuwa Bert Shankland, mzaliwa wa Scotland aliyekuwa anaishi na kufanya kazi Dar es Salaam, na Peugeot 404 yake. Mara mbili mfululizo kombe lilishuka kwetu. Baadaye siasa zikaingia, majirani wakatengana, na mwaka 1979 mbio zilikuwa ndani ya mipaka ya Kenya peke yake.

Kitu kimoja kiliwasumbua sana Wazungu wa Ulaya: Safari haikuwa inawakubali. Tangu 1953 mpaka 1971 haijawahi kushindwa na mtu wa kutoka nje, washindi wote walikuwa wakaazi wa huku. Aliyevunja mwiko huo mwaka 1972 ndiye huyo huyo Mikkola, akiwa na Ford Escort. Kwa hiyo 1979 alipokuja na Mercedes hakuwa mgeni wa kupotea njia. Alikuwa anaijua, alishaishinda, na safari hii yuko na kiwanda kikubwa nyuma yake.

Aliyemsubiri alikuwa Shekhar Mehta.

Mehta alizaliwa Uganda mwaka 1945, familia ya Kihindi yenye mashamba. Alianza rali akiwa na miaka 21. Mwaka 1972 Amin alipowafukuza Waasia, familia ikakimbilia Kenya. Fikirieni: una kwenu, una mashamba, una jina, halafu unaambiwa una siku 90 Waasia wote muwe mmetoka. Mwaka uliofuata tu, 1973, mkimbizi huyo akaingia Safari na Datsun 240Z. Akamaliza akiwa na adhabu sawasawa na Mswidi Harry Källström. Sawa kabisa! Ikabidi kanuni ziamue, zikampa Mehta. Ushindi wa kwanza. Kwa hiyo mambo ya kushinda kwa unywele alishayazoea kitambo.

Nikiwaza ile wiki ya 1979 nasisimka. Jumatano mji mkuu wa nchi aliyozaliwa unakombolewa kutoka kwa mtu aliyeifukuza familia yake. Wikiendi hiyo hiyo yeye yuko barabarani Kenya, pembeni yake msoma ramani wake Mike Doughty, ndani ya Datsun 160J. Kale ka Datsun ni ka silinda nne tu. Mbele ya ile Mercedes ya silinda nane ni kama Vitz na basi la Mtwara. Siwezi kusema Datsun ilikuwa timu ya mtaani, hapana, Wajapani walikuwa wameshaipania Safari miaka mingi na walikuja wamejipanga. Lakini kwa karatasi, kwa nguvu ya injini na kwa majina ya madereva, Wajerumani ndio walikuwa wakubwa.

Mehta akashinda. Mikkola wa pili. Waldegård wa sita.

Siku ile hakuna aliyeona kitu cha ajabu. Ni Aprili, msimu mbichi, Mikkola kapata pointi 15 kwenye mbio inayoua magari, angepaswa kushukuru. Lakini chukueni kalamu. Mikkola angeshinda Safari angepata 20 badala ya 15. Tano zaidi. 111 na 5 ni 116. Waldegård mwisho wa mwaka ana 112. Bingwa wa kwanza wa dunia angekuwa Hannu Mikkola, na fainali ya Abidjan ingekuwa sherehe yake.

Yule mtu aliyesimama kati ya Mikkola na zile pointi tano hakuwa Waldegård. Waldegård siku hiyo alikuwa wa sita, na hata zile pointi zake sita zilikuja kutupwa kwenye hesabu. Mwenzake wa timu, anayegombea naye kombe, Safari hakufaidika nayo chochote kwa jasho lake mwenyewe. Kombe lake alipiganiwa na mtu mwingine, kwenye gari la kampuni nyingine, ambaye wala hakuwa anafikiria ubingwa wa dunia. Alikuwa anataka kushinda mbio ya nyumbani.

Najua mabingwa wa kubisha mpo. Mtasema, mbona Mikkola angekuwa wa nne Monte Carlo badala ya wa tano angepata 10 badala ya 8, naye angefika 113 na kuwa bingwa? Kweli. Uswidi vilevile. Na Waldegård bila yale mawe angekuwa na tano zaidi na mjadala usingekuwepo. Ubingwa ukiisha kwa pointi moja, kila kona ya mwaka mzima inaweza kudai kuwa ndiyo iliyoamua. Sikatai.

Ila mimi nachagua Safari, na sababu yangu ni hii. Kule kwingine Mikkola alipokuwa wa tano, aliachwa na watu wanne, huwezi kumnyooshea mmoja kidole. Ureno, New Zealand, Uingereza, Ivory Coast, huko alishinda. Katika zile mbio saba zilizomhesabia, ni moja tu aliyomaliza wa pili, mtu mmoja peke yake mbele yake. Mtu huyo ana jina, na jina hilo siyo la Ulaya.

Na haikuwa bahati ya siku moja. Mehta akashinda Safari 1980, akashinda 1981, akashinda 1982. Nne mfululizo, tano jumla ukiweka ile ya 1973, na hizo tano hakuna aliyewahi kuzifikia kwenye Safari ya ubingwa wa dunia. Waldegård mwenyewe, bingwa huyo huyo, alikuja kuipenda Safari kuliko kawaida, akaishinda mara nne: 1977, 1984, 1986 na 1990, ya mwisho akiwa na miaka 46. Nne. Mehta tano. Huyo ndiye mtu ambaye kwenye stori ya 1979 anaachwa nje kama mpita njia.

Mercedes walirudi Ivory Coast mwaka 1980, Waldegård akawashindia, halafu wakafunga virago vya rali. Mikkola akahamia kwa Wajerumani wengine, Audi, akawa bingwa wa dunia 1983, na mkumbuke mwaka huo pia Safari alimaliza wa pili. Waldegård alifariki 2014, Mikkola 2021.

Mehta mwaka 1987 alipata ajali mbaya sana kwenye rali ya Misri, ile ya Mafarao, na kuendesha kwake kukaishia hapo. Aligeukia uongozi, akaja kuiongoza kamisheni ya rali ya FIA, akafariki 2006. Miezi michache kabla ya ajali ile, Pasaka ya 1987, Mikkola alikuja tena Kenya na Audi 200, gari kubwa la Kijerumani lenye sura ya gari la waziri, na miaka minane baada ya zile pointi tano, akaishinda Safari.